Kabini Moja na Bibi Yako

Mwisenge, Jumatano jioni

Mama,

Salamu nazikata, mwanangu, maana uko chumba cha pili na ninakusikia unabishana na mama yako juu ya sufuria. Yeye anataka uende nazo mbili, wewe hutaki hata moja. Nakwambia mapema, utakwenda na mbili. Mimi nimejifungia huku kwenye cherehani, nimewaambia namalizia pindo la sketi yako. Pindo nililimaliza jana. Ninaandika barua hii, na nikimaliza nitaikunja ndani ya sketi yenyewe, uikute leo usiku ukiijaribu.

Mambo ya kila siku siyagusi. Mama yako ameyagusa yote, mengine mara tatu. Wewe umeniuliza kitu kimoja tu, juzi, ukiwa umeegemea mlango: "Baba, wewe umepanda meli. Niambie basi, inapandwaje?" Nikakujibu kwamba inapandwa kwa ngazi. Ukacheka, ukaondoka. Nilikutania kwa sababu jibu lenyewe lina aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yangu.

Unaijua habari ya bibi yako alivyopelekwa Mwanza kutibiwa macho. Unaijua jinsi ninavyoisimuliaga mbele ya wageni, mimi nikiwa mkwe hodari aliyemvusha mama mkwe ziwa zima. Leo nataka nikupe yote, na zile sehemu ninazozirukaga.

Ilikuwa miaka miwili kabla ya Uhuru. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi minane, tumbo linamtangulia kila anakokwenda. Mimi nilikuwa fundi kijana, nina cherehani ya kuazima na suruali moja ya kutokea. Bibi yako alikuwa kwake, upande wa Butiama, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, ndivyo wanavyouita. Alikuwa anatofautisha mchana na usiku, basi. Ng'ombe zake alikuwa anazitambua kwa kuzipapasa pembe. Na kila mtu aliyekwenda kumsalimia alirudi na neno lake lilelile: "Huyu mtoto atakayezaliwa na yeye nitampapasa kama ndama?"

Basi kanisani kule Bunda wakatangaza kwamba daktari wa macho anafika Mwanza. Atakaa wiki chache hospitalini, halafu anakwenda zake, na hakuna anayejua atarudi lini. Anayetaka kupasuliwa afike wiki ileile ya kwanza. Mvua zilikuwa zimeibomoa barabara, malori yanalala matopeni siku tatu. Ikabaki meli, na meli ilikuwa inapita Musoma mara moja kwa wiki. Na mtu wa kumpeleka nikabaki mimi. Babu yako alikuwa amekwisha kufariki, wajomba zako walikuwa mbali kwenye kazi za mashamba ya watu, na mama yako nimekwishakueleza alivyokuwa.

Hapo ndipo pagumu. Wewe umekulia mjini, mambo haya unayasikia nusunusu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawasemezani, hawalali chini ya paa moja, na mkwe hataji jina la mama mkwe. Ukimwona anakuja njiani unaingia porini, kuna miiba, hakuna miiba, shauri yako. Siyo chuki. Ni heshima, isipokuwa heshima yetu ilikuwa na mbio nyingi. Mimi nilikuwa sijamwona uso tangu nimwoe binti yake. Na yeye, pamoja na kwamba alikuwa haoni, akisikia kikohozi changu tu alikuwa anavuta nguo na kujifunika kichwa.

Nikamwambia mama yako, "Mtu ninayemkimbia nitampelekaje Mwanza?"

Akasema, "Hiyo utajua wewe. Mimi namtaka mama yangu aone."

Nikapima mambo kifundi. Nikasema, lori ni baya, mnabanana. Lakini meli ni kitu kikubwa, mtu anaweza kukaa huku na mkwe wake akakaa kule, wakafika bila kukutana. Nilijiona nina akili sana. Nikavaa tai, nikaenda kukata tiketi.

Karani alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza daraja gani. Nilikuwa nimesikia kwamba daraja la tatu watu wanakaa juu, sitahani, pamoja na mizigo na kuku, na kwamba daraja la pili lina kabini. Kabini ni nini, sikujua. Sisi watu wa vilimani, ziwa tulikuwaga tunalitazama kwa mbali kama shamba la mtu mwingine. Nilidhani kabini ni kama nyumba, ina chumba cha huku na chumba cha kule. Nikasema, kama mtu aliyezaliwa humo, "La pili. Kabini."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Jina lako?" Nikataja. "Na huyo wa pili?"

Nikairekebisha tai.

"Bwana, jina la wa pili."

"Ni mwanamke," nikasema.

"Hata wanawake wana majina."

Watu wa nyuma yangu wakacheka. Karani akauliza tena, safari hii taratibu, kama anaongea na mtoto: "Ni nani wako?" Na mimi, badala ya kusema ni mama wa mke wangu, na mambo yakaisha, nikatazama viatu vyangu. Jasho linanitoka chini ya tai. Ningesema ni mama mkwe, angeuliza tena jina, na jina siwezi kulitaja, na wale wa nyuma wangecheka zaidi. Karani akaniangalia usoni, akaiangalia tai, akatabasamu.

"Nimekuelewa, bwana. Ni mara ya kwanza kusafiri naye?"

"Mara ya kwanza."

"Mtafurahi," akasema, akaandika.

Tiketi ilikuwa ya Kiingereza. Nikaikunja bila kuisoma, nikaitia mfukoni, nikatoka nimeinua kichwa.

Sasa unaelewa kwa nini wiki mbili zilizopita nilisimama dirishani mpaka foleni ikaanza kunong'ona. Tiketi yako nimeisoma mbele ya karani, mstari kwa mstari. Nimeuliza kila kitu. Nimeambiwa kabini za katikati ndizo zinazotulia, kwa sababu meli inacheza zaidi mbele na nyuma, na kwamba ukiwa juu ya mashine utaingia Mwanza kichwa kinanguruma. Kwa hiyo uko katikati, mbali na mashine, kitanda cha chini, na wenzako wote ni wanawake. Hayo yote yanapatikana kwa kwenda mapema na kuuliza, siyo kwa kuvaa tai. Pale Mwanza utateremka na kupanda nyingine ya Bukoba, unakokwenda kuanza kazi. Usitoke gatini mpaka umeambiwa inaondoka saa ngapi, na umeambiwa na mtu wa meli, siyo mchuuzi wa ndizi.

Karani wa sasa naye aliniuliza jina la abiria. Unajua una jina la bibi yako, ndiyo maana tangu umezaliwa nakuita Mama. Nikatoa karatasi nikamwandikia. Mwiko haukuwahi kusema neno lolote juu ya kalamu. Na ile mara ya kwanza, mwanangu, nilikuwa na darasa la nne kichwani na penseli ya ufundi nyuma ya sikio.

Ndugu Magesa wa pale kwenye ushirika wetu wa mafundi aliposikia, alinishika mkono: "Ndugu, binti yako daraja la pili, wananchi daraja la tatu? Huo siyo ubepari?" Nikamwambia daraja la tatu nimekwisha kulilalia mimi, kwa niaba ya ukoo mzima. Habari hiyo inakuja.

Siku ya safari bibi yako alifika ameongozwa na Mama Sabina. Huyu alikuwa mjane wa kule Mugango, mchuuzi wa furu, wale samaki wadogo waliokaushwa, rafiki wa mama yako. Meli aliijua kama jiko lake. Mama yako alimwomba awe kati yetu, abebe maneno kutoka huku kwenda kule. Mimi nikatangulia na furushi la bibi yako, wao nyuma, hatua thelathini, kama desturi inavyotaka. Mhudumu wa meli akanipokea tiketi, akanipeleka kwenye kijumba kama banda la mbuzi, vitanda viwili, kimoja juu ya kingine.

Nikadhani ni changu. Nikafurahi. Nikakaa kitanda cha chini, nikajirusharusha nione springi. Nikapanda cha juu, nikajilaza, nikajirusharusha tena. Ndipo yule mhudumu akasema kwa upole, "Bwana utalala juu. Bibi atalala chini."

"Bibi yupi?"

"Si mkeo? Tiketi inasema mume na mke."

Nikaruka chini nikagonga kichwa. Nikaisoma tiketi. Kweli, darasa la nne lilitosha kabisa kuisoma.

Nilitoka nje nikamkuta Mama Sabina amesimama na bibi yako kwenye ukuta wa meli, nikamwita kando nikamweleza. Alishika tumbo. "Shemeji! Mama mkwe wako umempangia chini yako kama droo ya kabati! Tangu kuumbwa kwa ulimwengu nani amefanya hivyo?"

"Punguza sauti."

"Sauti nitapunguza, lakini cheko nitalipeleka wapi?"

Mhudumu akasema meli imejaa, kabini nyingine hakuna. Mama Sabina akafuta machozi, akapata dawa mara moja. Mimi niende sitahani kwenye nafasi yake, kati ya magunia ya furu, yeye alale na bibi yako kabini. Jambo limekwisha. Lakini bibi yako alikuwa haoni, hakuwa kiziwi. Akauliza kwa lugha yetu, "Humo ndani amekwisha kuingia?"

"Ameingia mama, kidogo tu."

"Amekaa kitandani?"

Mama Sabina alikuwa mwongo mzuri sana sokoni, lakini kwa bibi yako alishindwa. "Amekaa."

"Kipi?"

"Mama, alivijaribu vyote viwili."

Bibi yako akasimama wima. Alikuwa mwanamke mrefu, wewe umemfuata yeye. Akasema, "Nirudisheni nyumbani. Kitanda cha mkwe silali. Nimekaa na giza langu muda wote huu, litanifikisha."

Mama, sasa nafika pale ninaporukaga.

Mbele ya wageni nasemaga kwamba hapo nilimbembeleza. Sikumbembeleza. Aliposema nirudisheni, nilisikia mwili wangu umelegea kwa raha, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nikasema moyoni, afadhali. Akishuka, watu hawatajua habari ya tiketi. Nitamwambia mama yako amekataa mwenyewe, na itakuwa kweli. Nikaliokota furushi lake na kuanza kulipeleka kwenye ngazi ya kushukia. Nilikuwa natembea haraka, nasema "samahani, samahani" kwa watu, kama mtu anayetimiza heshima. Mabaharia walikuwa wameanza kufungua kamba. Daktari asingesubiri meli ya wiki nyingine, nilijua hivyo. Nilijua kwamba mwanamke yule angekaa gizani mpaka kufa kwake kwa sababu mimi sikutaka kuchekwa mara ya pili. Na bado nilikuwa natembea.

Mama Sabina akanifuata, akanisimamia mbele. Kicheko kimeisha usoni.

"Furushi unalipeleka wapi?"

"Amesema anashuka."

"Yeye amesema. Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mkwe, sina neno."

"Una miguu, lakini neno huna," akasema. "Basi nitamwambia hivyo mama Nyangeta akijifungua." Mama Nyangeta ndivyo alivyomwitaga mama yako, kwa jina la dada yako aliyefariki mchanga. Wewe humjui. Aliishi miezi mitano, na bibi yako hakupata kumwona, macho yalikuwa yamekwisha kuziba. Alimpapasa tu.

Nikarudi na lile furushi. Ruhusa ya kusema naye sikuwa nayo. Nikasimama upande mmoja wa nguzo ya chuma, yeye upande wa pili, amejifunika. Mama Sabina akafungua mdomo aanze kazi yake ya kubeba maneno, na bibi yako akamzuia kwa mkono. Akaipapasa ile nguzo, akaipiga kofi dogo kama anavyompiga ng'ombe anayetaka kumkamua.

"Wewe chuma," akasema. "Mwenye furushi langu yuko hapo?"

Mama Sabina akanikodolea macho. Nikaelewa. Kwa chuma hakuna mwiko.

"Chuma," nikasema, "mwambie mama nipo."

"Chuma, muulize. Anataka nishuke?"

Honi ya meli ikalia hapo, ikanipa muda wa kutunga uongo. Nilikuwa na uongo mzuri, tena wa heshima. Lakini nilikuwa naongea na kipande cha chuma, na chuma hakina uso wa kudanganywa. Nikasema, "Chuma, mwambie mama nilitaka ashuke. Tiketi nimeiharibu mimi, kwa aibu zangu, sikutaka watu wajue. Sasa sitaki ashuke. Mwambie nitalala juu na furu. Mwambie aende akaone."

Akaipapasa tena ile nguzo. Huku chini ngazi imekwisha kuanza kuvutwa. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, bibi yako anacheka ndani ya nguo yake.

"Chuma hiki kina maneno kuliko yule niliyemwozesha binti yangu," akasema. "Sabina, una mkeka?"

"Ninao mama."

"Utandike chini. Vitanda vyake avilalie yeye kwa ndoto."

Ndivyo alivyokwenda. Alilala sakafuni kwenye mkeka wa Mama Sabina, na vitanda viwili vya daraja la pili vilikwenda Mwanza vitupu.

Mwanangu, sikuandikii haya nikufundishe mila, wala nikufundishe kuzidharau. Bibi yako aliishika mila yake mpaka sakafuni, na bado akaenda alikokuwa anakwenda. Mimi ndiye niliyeificha aibu yangu ndani ya mila, nikaiita heshima. Tangu siku ile, nikijikuta natembea haraka huku nasema samahani nyingi, husimama nikatazama nimebeba furushi la nani. Mara nyingine nachelewa kusimama. Ulipotaka kwenda sekondari ya mbali nikasema mama yako atakuwa mpweke, unakumbuka? Mama yako hakuwa amesema kitu. Mpweke nilikuwa mimi.

Basi turudi melini kabla sijaharibu karatasi kwa machozi, ni ya ushirika.

Kabla ya safari ile nilikuwa nimeshiba mtindi. Kwetu msafiri haagwi bila mtindi, kibuyu kizima, usiposhiba ni matusi kwa mwenye ng'ombe. Musoma haijapotea machoni, ule mtindi ukaanza kudai kurudi nyumbani. Safari nzima nilikuwa nimeinamia ukingo, au nimeinamia gunia. Kuku walikuwa wananionea huruma. Visiwa vilipita, watu wanaviita kwa majina, wananiambia "tazama kile," na mimi sikutazama kitu. Kesho mama yako atakuletea mtindi, nimeuona tangu asubuhi. Kunywa funda mbili, umsifie, kilichobaki niachie mimi, nina uzoefu. Kula viazi vikavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Tumbo likianza kukuzunguka, usijifungie kabini. Panda juu, simama katikati penye upepo, tazama mlima au kisiwa kilicho mbali, kitu ambacho hakitikisiki. Uvae sweta hata kama gatini ni jua kali. Upepo wa ziwa hauna adabu ukishaacha nchi kavu. Na ukishapanda tu, kabla ya kupanga sufuria zako mbili, muulize mhudumu maboya ya kujiokolea yako wapi na yanavaliwaje. Watakucheka. Waache wacheke.

Na muulize mtu. Kila meli ina Mama Sabina wake. Utamjua, ni yule ambaye mizigo yake imekwisha kutulia kabla ya watu wengine kuacha kusukumana. Mwambie kwamba hujui kitu. Utashangaa watu wanavyofurahi kumsaidia mtu asiyejua. Asiyejua na amevaa tai ndiye hawana la kumfanyia.

Hospitalini sikuruhusiwa kuingia wodi ya wanawake, na hiyo ilinifaa sana. Nilikuwa nashonea watu nje ya soko kwa cherehani ya kuomba, jioni nasimama dirishani namuuliza muuguzi. Jicho la kwanza, jicho la pili, bandeji, siku za kulala chali bila kugeuka. Kisha wakamvika miwani, vioo vinene kama chini ya chupa. Mama Sabina alikuwa amekwisha kurudi na furu wake. Safari ya kurudi tulikuwa wawili tu, na tiketi mbili za daraja la tatu, moja huku, moja kule. Nilizisoma.

Sasa hapo pakawa na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Wakati anakwenda, wa kukwepa kutazama nilikuwa mimi tu. Yeye alikuwa amekwepeshwa na macho yake. Sasa alikuwa anaona, na mwiko ulikuwa wake pia. Sitaha nzima alikuwa anaitazama, ndege, moshi, mtoto wa jirani anakula muwa, mikono yake mwenyewe anaigeuzageuza. Nikipita tu, nguo usoni.

Asubuhi tulipoanza kuyaona mawe ya Musoma, nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo. Safari hiyo sikuwa nimekunywa mtindi, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naliona ziwa sawasawa. Jamani, ni kubwa, halafu linang'aa. Nilijisikia nimeibiwa safari ya kwanza, na mwizi ni mimi. Ndipo nikasikia kofi dogo kwenye chuma.

"Wewe chuma. Mwambie mkwe asogee pale penye jua. Nimtazame mara moja, basi."

Nikajipangusa haraka kuliko siku ya harusi. Suruali nilikuwa nimeilalia, nywele zina vumbi la mkaa. Nikasogea kwenye ukingo, penye jua, nikamgeuzia uso, macho yangu nikayafumba kwa adabu. Nilisimama hivyo. Nilikuwa namsikia anapumua. Alichukua muda mrefu kuliko mara moja aliyoiomba.

Mwisho akasema, "Chuma, kumbe siyo mfupi kama walivyoniambia."

Ile miwani, Mama, ilikuwa inakuza vitu. Sikumwambia. Mpaka leo ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kuniona mrefu, na sikuwa tayari kumpoteza.

Nilipofumbua macho alikuwa amekwisha kujifunika. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, ikiwemo miaka yote ya kukulea wewe likizo, na hakunitazama tena hata siku moja, wala mimi sikumtazama. Wewe ulizaliwa siku ya tisa baada ya meli kufika. Mama yako anasema alikushika mapajani kutoka asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, hakukupapasa, alikuwa anakutazama tu, na chakula kikipelekwa anasema, "Ngojeni, sijamaliza."

Naona mmekubaliana. Sufuria ni mbili.

Kesho meli ikianza kuondoka, najua mawazo yako yatakuwa kwenye kitanda na mizigo. Viache, havitakwenda popote bila meli. Panda juu, upande wa gati, penye jua. Usihangaike kupunga mkono wala kupiga kelele, honi itawashinda wote. Wewe simama tu. Mama yako atalia, huyo usimtafute, utamwona. Mimi nitakuwa pembeni, mfupi, nimevaa ile tai.

Sitajifunika, wala sitafumba macho. Mimi siyo mkwe. Mimi nina ruhusa ya kutazama mpaka nimalize.

Baba yako